Ndagala za Mama

Somo la 27

Watoto wa ufuko wa ziwa Tanganyika hawana haja ya kuelezwa ndagala ni kitu gani. Lakini kitabu hiki chasomwa vilevile na watoto wa milimani, ambao huziona sokoni tu, zimekwisha kukauka, zimejazwa katika kopo. Basi na wajue: ndagala ni samaki mdogo, urefu wake kama kidole cha mtu mzima, mwili wake unang'aa kama feza. Huko Kigoma watu humwita dagaa, na huko Zambia humwita kapenta. Ziko aina mbili. Moja ya aina hizo ilichukuliwa toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ikatiwa katika ziwa Kivu, ambamo haikuwamo zamani. Ikazaa sana, na leo watu wa Bukavu na Goma hula samaki huyo kwa jina la sambaza.

Habari hii ni ya msichana mmoja wa mwaka wa sita, katika kijiji cha kusini ya Uvira. Bei zilizoandikwa hapa zimefanywa nyepesi kwa ajili ya hesabu. Bei ya soko hubadilika kila juma. Kila mtoto aulize ya kwao.

Mama ya msichana huyo aliuza ndagala tangu miaka mingi. Mwanzo wa mapumziko ya Noeli akajifungua mtoto wa kiume. Uzazi ulikuwa mgumu, na mwuguzi akamkataza kubeba mzigo muda wa majuma matatu. Baba alikuwa mbali, akipiga matofali kwa mshahara, naye hakutazamiwa kurudi kabla ya mwezi wa pili. Mihogo ilikuwako shambani, na sombe pia. Lakini chumvi, sabuni, mafuta ya taa, na feza za masomo ya kaka aliye katika sekondari, hayo yote yalitoka katika beseni la mama. Beseni likikaa tupu, nyumba nzima itakaa tupu.

Basi mama akamwita binti yake karibu na kitanda. Akafungua fundo la kikwembe chake, akatoa feza, akasema:

— Mwanangu, hesabu.

Binti akahesabu: faranga 40 000.

— Hizi si feza za kula. Hizi ni mbegu. Mkulima akizila mbegu zake, mvua ikija atapanda nini? Utanunua, utauza, na jioni mbegu zitarudi katika fundo hili. Kitakachozidi ndicho chetu.

— Ndiyo, mama.

Watu wa soko huiita mbegu hiyo mtaji. Wengine husema kapitali.

Kesho yake, jua halijatoka bado, msichana alikuwa amesimama ufukoni na beseni kichwani. Mitumbwi ya wavuvi hurudi alfajiri, taa zao zimekwisha kuzimwa. Wanawake huingia majini mpaka magotini, kila mmoja akitaka kufika kwanza, na kelele ni nyingi. Anayejua kazi hatazami kelele, hutazama samaki. Akiona tumbo limepasuka na jicho limekuwa jeupe, anajua kwamba wamelala ndani ya mtumbwi muda mrefu. Msichana alijua hayo, maana alimfuata mama tangu alipokuwa mdogo. Akanunua kilo 8 kwa 4 000 kila kilo, akalipa 32 000. Akazipanga kwa mafungu madogo juu ya majani ya mgomba, akaziuza mbichi kijijini. Jioni alikuwa na 36 000. Faida: 4 000. Akarudi nyumbani akiimba.

Alifanya hivyo muda wa siku sita. Sasa fanyeni hesabu pamoja naye. Faida 4 000 kwa siku, mara siku 6, ni 24 000. Ongeza mbegu 40 000. Katika fundo zingepaswa kuwamo 64 000. Jumamosi jioni mama akafungua fundo, akahesabu, akahesabu tena. Zilikuwamo 37 000.

Msichana akaanza kulia. Akasema mwizi ameingia. Mama hakukasirika, wala hakusadiki habari ya mwizi.

— Lete kaye yako ya hesabu na kalamu. Tutamtafuta huyo mwizi kwa maandiko.

Wakaanza kukumbuka siku moja moja. Kodi ya soko, 500 kila siku: hizo ni 3 000. Sukari, sabuni na mandazi ya wadogo zake, alivyonunua akirudi, akiona kwamba feza ni nyingi mkononi: 7 000. Siku ya Jumatano alichelewa kufika sokoni, samaki wakaanza kunuka, akaziuza jioni kwa bei ya kutupa: hapo zilipotea 5 000. Majirani waliochukua mafungu na kusema «nitalipa kesho»: 9 000. Mama akajumlisha kwa vidole, binti akajumlisha katika kaye, wakapata wote wawili 24 000. Zilipungua bado 3 000. Wakafikiri mpaka mtoto mchanga akaamka na kulia. Zile 3 000 njia yao haikujulikana hata leo.

Ndivyo ilivyo feza ndogo. Feza kubwa ikitoka, mtu anaikumbuka, sababu inamwuma. Feza ndogo hutoka kama maji katika mtungi wenye ufa: hakuna anayeyaona yakitoka, lakini asubuhi mtungi ni mkavu.

Toka jioni ile kaye iligawanywa kwa mstari katikati. Upande wa kuume: feza iliyoingia. Upande wa kushoto: feza iliyotoka. Hata mandazi moja iliandikwa. Wadogo zake walimcheka, wakamwita karani.

Yalibaki madeni ya 9 000. Mama akamtuma binti kwa majirani, akamwonya aingie kwa heshima, asalimu kwanza, aulize habari za nyumba, ndipo aseme: «Mama yangu anawasalimu, na anakumbusha lile fungu la siku ya Jumanne.» Asiseme mbele ya wageni. Alipozunguka akapata 5 000. Jirani mmoja tu hakulipa, deni lake 4 000. Msichana alitaka kurudi kwake tena, lakini mama akamzuia.

— Yule mwache. Andika deni lake, usimwulize. Mtoto wake yu mgonjwa. Na usiku ule uliozaliwa wewe, ni yeye aliyeleta maji ya moto hapa.

Msichana akaandika, lakini hakufahamu vema. Hesabu yake ilimwambia neno moja na mama neno jingine.

Zile 5 000 hazikulala nyumbani. Mama alikuwa katika likelemba ya wanawake kumi. Kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi kila mmoja huleta 5 000, na mmoja kwa zamu yake huchukua zote, 50 000. Anayekosa kuleta siku yake huwaharibia wengine tisa, na mwaka utakaofuata hawatamwita tena. Mama alikuwa tayari kukosa sukari, si likelemba. Binti akapeleka feza, akarudi. Katika fundo zikabaki 37 000, na juma la pili likaanza.

Sasa msichana alikuwa na wazo. Pale sokoni aliona kwamba ndagala kavu zinauzwa 14 000 kila kilo, na mbichi ni 4 000. Mara tatu na zaidi! Kwa nini mama anahangaika na mbichi, ambazo zinaoza siku moja? Hakumwambia mtu, alitaka kumshangaza mama. Akanunua kilo 8 mbichi kwa 32 000, akazitandaza mchangani karibu na maji, kama wanavyofanya wengi, akakaa hapo na fimbo ya kufukuza kuku na kunguru. Jua lilikuwa kali. Siku ya pili jioni zilikuwa kavu, zinavunjika zikikunjwa. Akazitia katika kifuko. Akashangaa: kifuko kilikuwa chepesi mno. Akaenda nacho dukani, mwenye duka akakiweka juu ya mizani.

Kilo 2.

Akasema mizani imeharibika. Mwenye duka akaweka juu yake kifuko cha sukari cha kilo 1: mizani ikaonyesha kilo 1.

Mizani haikuharibika. Karibu robo tatu ya mwili wa samaki mbichi ni maji, na jua ndilo linaloyaondoa. Kilo 4 za mbichi hutoa kilo 1 hivi ya kavu. Basi kwa kupata kilo 1 kavu, msichana alinunua kilo 4 mbichi, maana yake 16 000. Naye angeiuza 14 000. Wanunuzi nao walitafuna moja, wakasikia mchanga menoni, wakakunja uso. Mwishoni akauza zote kwa 28 000. Kazi ya siku mbili juani, na hasara ya 4 000. Katika fundo: 33 000.

Usiku ule hakula bugali. Mama akamwacha anyamaze kwanza, kisha akamwambia aende kesho kwa mjomba wake, ambaye ni mvuvi.

Mjomba alikuwa akishona wavu wake. Akasikiliza, akauliza neno moja tu:

— Mwezi uko wapi siku hizi?

— Hauonekani, mjomba. Usiku ni giza.

— Basi, kaa chini.

Akamweleza. Mchana ndagala hushuka chini sana, penye giza. Usiku hupanda karibu na uso wa maji, wakifuata vijidudu vidogo ambavyo ni chakula chao. Mvuvi huwasha taa juu ya mtumbwi. Zamani zilikuwa moto wa kuni, halafu taa za mafuta ya petroli, leo wengi hutumia taa za betri. Vijidudu na samaki hukusanyika penye mwangaza, na hapo wavu huwachota. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, mwangaza uko kila mahali ziwani, na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Samaki hawakusanyiki. Ndiyo maana katika siku za mwezi mpevu mitumbwi hukaa ufukoni, na wavuvi hushona nyavu.

— Sasa ni giza, akasema mjomba. Kesho na kesho kutwa mitumbwi yote itarudi imejaa kwa wakati mmoja. Bei itakuwaje?

— Itashuka.

— Na mwezi ukiwa mpevu, hakuna mbichi. Watu watakula nini?

Msichana akanyamaza kidogo, halafu akatabasamu.

Wengi huuza ndagala maisha yao yote, nao hutazama bei tu, hawatazami mbinguni. Wala si mwezi peke yake. Mwaka 2024, upande wa Tanzania, uvuvi ulifungwa katika ziwa hili toka tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Mchuuzi asiyepata habari ya namna hiyo mapema ataamka siku moja na beseni tupu. Na ndagala kavu zina nguvu nyingine: zinaweza kusafiri. Mbichi haifiki hata mlimani kabla ya kuoza. Lakini kavu zilipakiwa tangu zamani katika gari la moshi huko Kalemie, mji ulioitwa Albertville mpaka mwaka 1966, zikaenda kuliwa na wafanyakazi wa machimbo ya Katanga.

Mambo yakawa kama mjomba alivyosema. Siku ya Alhamisi bei ufukoni ikashuka mpaka 2 500. Msichana akanunua kilo 12, akalipa 30 000, akabakiza 3 000 mkononi kwa ajili ya matumizi. Safari hii hakutandaza mchangani. Mjomba alimpa wavu mzee, uliochakaa. Akasimika miti minne, akaufunga wavu juu yake kama kitanda kirefu, akatandaza samaki hapo. Upepo ulipita juu na chini, na mchanga haukufika.

Ijumaa saa nane mawingu meusi yakatoka juu ya milima. Ni majira ya mvua, na mvua ya pale haingoji mtu. Msichana na wadogo zake wakakimbia, wakaleta shitingi iliyofunika jiko, wakaivuta juu ya miti. Upande mmoja upepo ukaifunua. Ndagala za upande ule zikalowa. Kesho yake zikawa na harufu mbaya. Angeweza kuzichanganya ndani ya nyingine. Hakuna ambaye angejua mpaka afike nyumbani. Akampelekea mama kiganja kimoja anuse. Mama akasema: «Wape bata.» Wakapewa bata.

Kavu zilipopimwa zilikuwa kilo 2 na nusu. Akazitia katika mfuko, akaufunga vizuri, akautundika juu ya jiko pasipofika panya. Jumatatu masomo yakafunguliwa, naye akaenda darasani kama wengine. Kila usiku aliutazama mwezi ukinenepa.

Jumamosi ile, mwezi ukiwa karibu kujaa, mitumbwi ilikaa ufukoni. Msichana akapanda pikipiki mpaka soko kubwa, akalipa 1 500 kwenda na kurudi, akalipa kodi 500. Kabla ya kutandika mfuko wake akafungua kaye. Alinunua kwa 30 000, akatumia 2 000: jumla 32 000. Akagawanya kwa kilo 2 na nusu. Akapata 12 800. Akaizungushia duara kwa kalamu.

Mwanamke mmoja mnene, mchuuzi wa kupeleka bidhaa Bukavu, akasimama mbele yake. Akatafuna ndagala moja, hakukunja uso.

— Nachukua zote. 12 000 kila kilo.

— Mama, ongeza kidogo. Ni 16 000.

— Wewe mtoto! Nani atanunua mfuko mzima kwako? Chukua feza, ukacheze.

Feza ilikuwa mbele ya macho yake, noti mpya, na jua lilikuwa linapanda. Mwezi mmoja kabla ya hapo angalizipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Akatazama ile duara katika kaye.

— Mama, nikiuza 12 000 ninakula mbegu za mama yangu. Siwezi.

Yule mwanamke akacheka, akaenda zake. Msichana akakaa. Moyo ulimpiga. Saa nzima hakuna aliyesimama kwake. Akafikiri kushusha mpaka 13 000, maana hapo hasara haiko. Lakini akaona kwamba soko lote halina ndagala mbichi, wala mbichi hazitakuja kesho. Akangoja. Baadaye mzee mmoja akanunua nusu kilo, akafuata mama wa watoto wengi, nusu kilo, halafu mwalimu mmoja, nusu kilo. Saa nane ilikuwa imebaki kilo 1. Yule mwanamke wa Bukavu akarudi, akatoa 16 000 bila neno, akauliza tu:

— Juma lijalo utakuwa hapa?

Usiku, chini ya taa, fundo la kikwembe likafunguliwa. Zilikuwamo 41 000. Mama akahesabu mara mbili, kama desturi yake. Mbegu zote zilikuwamo, na 1 000 juu yake, kwa kazi ya karibu mwezi mzima. Si nyingi. Kaka wa sekondari alikuwa bado hajalipiwa feza za masomo.

— Nisomee kaye, akasema mama. Yote, toka mwanzo.

Binti akasoma: kodi, sukari, mandazi, samaki za Jumatano, zile 3 000 zisizojulikana, ndagala za mchangani, bata. Alipofika kwenye deni la 4 000 la jirani akasimama, akaliruka, akaendelea. Mama akatikisa kichwa polepole, akamweka mtoto mchanga kifuani.

— Jumatatu nitashuka ufukoni mwenyewe. Lakini kaye nitakuletea kila jioni, uniandikie.

Maulizo na hesabu

Mchuuzi mmoja alinunua kilo 20 za ndagala mbichi, kwa 3 000 kila kilo. Alizikausha vizuri, akalipa 2 500 kwa gari na kodi. Atapata kilo ngapi hivi za kavu? Auze kila kilo kwa bei gani asipate hasara?

Kwa nini mama alikataza kumwuliza deni yule jirani, naye alimtuma binti kwa wengine? Jibu kwa mistari minne.

Muda wa siku sita tazama kitu kimoja kinachouzwa kwenu: maembe, mkaa, mayai, mihogo, au mafuta ya mawese. Omba ruhusa kwa wazazi. Gawanya kurasa ya kaye kwa mstari katikati, uandike kila jioni kilichoingia na kilichotoka. Siku ya saba lete kaye darasani.